Zamu ya Saa Nane Usiku

Tunaandika makala hii tukiwa watatu, na mwenzetu wa nne ameisoma kabla yako, ndugu msomaji. Alifuta sentensi mbili: moja kwa sababu ilimsifu mno, nyingine kwa sababu, alisema, haikuwa kweli. Jina lake hatulitaji kwa ombi lake mwenyewe. Inatosha kujua kwamba ni frateri wa mwaka wa pili wa teolojia, mtoto wa mwisho wa mama mjane, mwimbaji wa sauti ya tatu, na kwamba Jumamosi moja ya mwezi Desemba alianguka kutoka juu ya mwembe ulio nyuma ya bwalo letu.

Ilikuwa saa ya kazi za mikono. Tulitumwa kuchuma maembe kwa ajili ya wageni wa sikukuu ya somo wetu. Yeye alipanda kwa kuwa ndiye mwepesi kuliko sisi sote, nasi tulibaki chini tumetandaza gunia ili maembe yasipasuke. Tulimwambia asogee mbele kidogo, kwenye tawi lenye maembe yaliyoiva. Neno hilo, "sogea kidogo," tumelirudia mioyoni mwetu mara nyingi kuliko sala yoyote ya mwaka ule. Tawi lilikatika. Hakuanguka kwa kichwa wala kwa ubavu. Alifika chini kwa makalio, kama mtu aliyekaa ghafla kwenye kiti ambacho hakipo. Kwa muda mfupi tulicheka. Hilo nalo tunaliandika kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Kisha akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Jamani, miguu siisikii."

Tulichokifanya baada ya hapo ndicho kilichotusukuma kuandika. Tulimnyanyua. Mmoja alimshika makwapani, wawili tukamshika miguu, na mgongo wake ukapinda katikati kama machela ya kamba. Tukampakia nyuma ya pikapu ya seminari akiwa nusu ameketi, tumemwegemeza vifuani mwetu, na dereva akaikimbiza gari kwenye barabara ya vumbi kwa sababu tulimpigia kelele akimbize. Kila shimo alilopita, mwenzetu aliguna. Tulimwambia avumilie, tumekaribia.

Tabibu aliyetupokea katika hospitali ya wilaya hakutukaripia, na pengine ingekuwa afadhali angetukaripia. Aliagiza ubao mrefu, akawaita watu watano, akatuonyesha. Mmoja anakaa kichwani, anakishika kichwa kwa mikono miwili, na huyo ndiye anayetoa amri. Wengine wanashika mabega, kiuno na miguu. Kwa amri moja wote wanamgeuza pamoja, kichwa, kifua na nyonga vikienda sawia, kama watu wanaogeuza gogo. Hakuna kupinda, hakuna kuketisha. "Mtu akianguka kutoka juu," alisema, "mkamkuta analalamika mgongo au hasikii miguu, mwacheni palepale alipo. Kama hakuna moto wala magari yanayopita, hakuna haraka ya kumnyanyua. Mfunikeni, mwambieni asijigeuze, mtafute ubao na watu." Ubao unaweza kuwa mlango uliong'olewa au benchi pana. Bwalo letu lina mabenchi marefu kumi na mawili, na la karibu zaidi lilikuwa hatua arobaini kutoka kwenye ule mwembe. Tumezihesabu.

Baadaye tulimuuliza daktari bingwa kama kunyanyua kwetu ndiko kulikomdhuru. Alinyamaza kidogo, kisha akasema hakuna mtu anayeweza kujua, kwa sababu alisema hasikii miguu kabla hatujamgusa, lakini pia hakuna anayeweza kuapa kwamba hatukuongeza kitu. Jibu hilo tunaishi nalo. Tumeliungama, tumepokea ondoleo, na bado tunaishi nalo.

Sasa tueleze kilichokuwa kimevunjika, maana hapa lugha yetu yenyewe ilituchanganya. Katika Kiswahili cha kila siku "uti wa mgongo" ni jina la vitu viwili. Kuna mfupa, yaani mnyororo wa pingili 33: 7 za shingo, 12 za kifua, 5 za kiuno, 5 zilizoungana nyuma ya nyonga na 4 ndogo za kifandugu. Na kuna kamba laini ya mishipa ya fahamu ipitayo ndani ya mnyororo huo, ambayo vitabu vya shule huiita ugwe mgongo. Mfupa ukivunjika unaweza kuunganishwa, maana mfupa una tabia ya kuota. Ugwe haurudi hivyo. Mtu anaweza kuvunjika pingili akabaki na miguu yake mizima, na wagonjwa wengi wa namna hiyo hupona bila kisu. Mwingine huvunjika pingili ileile, vipande vikarudi nyuma na kuubana ugwe, akalala hapo asijue kama ana miguu.

Mwenzetu alivunjika pingili ya kwanza ya kiuno. Ni mahali panapovunjika mara nyingi, tuliambiwa, kwa sababu pingili za kifua zimeshikwa na mbavu na hazichezi sana, ilhali za kiuno zinapinda kwa urahisi. Mtu akitua kwa makalio, nguvu yote hukutana mpakani hapo. Daktari alituchorea kwa kalamu nyuma ya bahasha ya picha za eksirei: tofali bichi katikati ya matofali mawili makavu, limegongwa kutoka juu na chini, limetawanyika pande zote. Vipande vya nyuma vilikuwa vimeingia kwenye njia ya ugwe. Lakini, alisema, ni katika eneo hilohilo ambapo ugwe wenyewe huishia, na kutoka hapo hushuka fungu la mishipa ambalo wataalamu wa kale waliliita mkia wa farasi kwa jinsi linavyoonekana. Mishipa hiyo huweza kuvumilia jeraha kuliko ugwe. Tumaini la mwenzetu lilikuwa dogo, na lilikuwa pale.

Walimpima kwa pini na pamba, wakipanda kutoka vidoleni, akiwa amefumba macho: hapa unasikia? na hapa? Halafu kikaja kipimo ambacho hatukukitegemea, cha kidole sehemu ya haja kubwa. Mwenzetu aligeuza uso ukutani. Tulidhani anadhalilishwa bure. Kumbe mishipa ya eneo hilo ndiyo ya mwisho kabisa, na mtu akisikia chochote pale, hata kidogo, maana yake ujumbe fulani bado unapita katika sehemu iliyoumia. Alisikia. Daktari aliandika kwenye faili kwa haraka, na kwa mara ya kwanza tulimwona akitabasamu.

Tulikaa siku tisa tukisubiri upasuaji. Mabingwa wangependa kuondoa mgandamizo wa ugwe ndani ya saa 24, hasa kama ugwe haujaharibika wote. Lakini kati ya mwembe na chumba cha upasuaji cha hospitali ya rufaa kuna barua ya rufaa, kuna gari la wagonjwa linalosubiri mafuta, kuna foleni ya waliogongwa na bodaboda usiku uliopita, kuna vyuma vya kununua na damu ya kutafuta. Tulikwenda kutoa damu. Mmoja wetu alikataliwa kwa sababu uzito wake haukufika kilo 50, na hadi leo tunamkumbusha kila mezani. Paroko wa karibu alikuja kumpa Mpako wa Wagonjwa. Wapo wakristo wengi wanaodhani sakramenti hiyo ni ya anayekata roho, wakamkimbia padre mwenye mafuta kana kwamba amekuja na sanda. Kanisa linafundisha kwamba inafaa kabisa kuipokea kabla ya upasuaji mkubwa. Mgonjwa wa kitanda cha jirani, mzee aliyeanguka kutoka juu ya nyumba akiezeka, aliomba naye apewe.

Jioni ya siku ya nane daktari alikuja kumweleza mgonjwa na mama yake, aliyekuwa amesafiri kwa basi siku nzima. Alisema atamlaza kifudifudi chini ya dawa ya usingizi, atafungua mgongo katikati, atasogeza misuli, ataondoa ukuta wa nyuma wa mfupa ili kuupa ugwe nafasi, kisha ataingiza skrubu mbili katika pingili ya juu na mbili katika pingili ya chini, na kuziunganisha kwa vyuma viwili virefu. Kila skrubu hupita katika kishina cha mfupa chembamba kuliko kidole, na mashine ya eksirei yenye umbo la tao husaidia kuona njia. Ikikengeuka kidogo kwa ndani, inagusa ugwe. Aliyasema haya yote polepole. Mwisho akasema, "Mama, mimi nitatengeneza mfupa. Miguu siiahidi."

Sote wanne tuliisikia sentensi hiyo. Na bado, tulipokuwa tukimsindikiza mama kwenda kulala kwa masista, tulimwambia: "Mama, operesheni ikifanikiwa, mtoto atatembea." Hatukukusudia kudanganya. Ilikuwa usiku, naye alikuwa analia, nasi tulitaka anyamaze. Labda tulitaka zaidi sisi wenyewe tunyamaze.

Upasuaji ulichukua karibu saa nne. Daktari alitoka ameshusha barakoa, akasema, "Imekwenda vizuri." Mama alipiga vigelegele ukumbini hadi muuguzi akatoka kumnyamazisha. Tulisali Magnificat. Kesho yake asubuhi mama alikuja wodini amebeba mfuko wa plastiki, na ndani yake mlikuwa na viatu vya mwanawe. Alikuwa amevipiga rangi.

Hatujui namna ya kueleza uso wa mwenzetu alipoviona. Alimwambia mama, "Ahsante, viweke chini ya kitanda." Vilikaa hapo wiki tatu, na kila aliyefagia wodi alivisogeza na kuvirudisha.

Siku ya nne mama alipotoka kununua uji, alituuliza: "Mlimwambia nini mama yangu?" Tulimweleza. Hakukasirika kama tulivyotarajia. Alisema tu kwamba sasa ana kazi mbili, kuugua na kumlinda mama dhidi ya yale tuliyomwambia.

Tangu hapo tulianza kusikia kwa masikio mengine maneno ya wageni. Walikuja wengi, kutoka jumuiya ndogondogo, kutoka WAWATA, ndugu, wanakwaya. Karibu kila mmoja alimalizia kwa "utatembea tu" au "mwakani utacheza mpira." Wengine walimwekea mikono wakamwamuru ainuke. Yeye alijibu "Amina" kwa adabu, na walipoondoka alivuta shuka hadi kidevuni. Usiku mmoja alituambia: "Kila anayeniambia nitatembea ananifanya nione haya kwamba leo sijatembea." Hatusemi watu wasiombe uponyaji. Sisi tuliomba na tunaomba. Lakini tuliacha kuomba kwa sauti kando ya kitanda chake jambo ambalo lisipotokea yeye ndiye atakayeonekana amekosa imani.

Kwa nini basi akapasuliwa, kama miguu haikuahidiwa? Tulimuuliza swali hili mtaalamu wa fiziotherapia, mama mmoja mwenye mikono yenye nguvu kuliko yetu, naye alijibu kwa kumketisha. Siku ya tatu baada ya upasuaji alimwinua taratibu ukingoni mwa kitanda. Mwenzetu aliona kizunguzungu, macho yakageuka, akalazwa, akainuliwa tena. "Hiki ndicho mlichonunua," alisema. Bila vyuma, mfupa uliopasuka hivyo hauna nguvu ya kubeba kifua, na mgonjwa angelazimika kulala chali wiki sita, wiki kumi, wiki kumi na mbili, hadi uote. Vyuma vinaushika mfupa wakati unaota, kazi ya miezi mitatu hivi, ili mtu aketi mapema, ahame kitandani, apumue vizuri, aanze kufanya mazoezi ya mikono. Na kulala kwa muda mrefu ndiko kulikokuwa kukiua.

Katika maktaba yetu na baadaye kwenye simu zetu tulisoma habari za daktari Ludwig Guttmann, Myahudi wa Ujerumani aliyekimbilia Uingereza mwaka 1939. Mwaka 1944 alipewa wodi ya askari waliovunjika mgongo katika hospitali ya Stoke Mandeville. Wakati ule wagonjwa wa namna hiyo walihesabiwa kuwa wafu wanaosubiri siku, na wengi walikufa kwa vidonda vya kulalia na kwa maambukizi ya mkojo yaliyopanda hadi kwenye figo. Cha ajabu, Guttmann hakuwa mtu wa kisu. Aliwapinga waliokimbilia kupasua migongo, akanyoosha mifupa kwa mito na mkao wa kitanda. Alichodai, na alikidai kwa ukali, ni kwamba kila mgonjwa ageuzwe kila baada ya saa mbili, usiku na mchana, bila kukosa. Wagonjwa wakaacha kufa kwa wingi. Kisha akawapa kazi, akawapa michezo. Tarehe 29 Julai 1948, siku ya ufunguzi wa Olimpiki ya London, alifanya mashindano ya upinde kwa washiriki 16 wenye viti vya magurudumu, na kutokana na hayo ikazaliwa Paralimpiki, iliyofanyika mara ya kwanza Roma mwaka 1960, ambako washiriki walipokewa na Papa Yohane XXIII. Upasuaji umesonga mbele sana tangu wakati wake, na katika hilo huenda leo asingeshinda hoja. Lakini zile saa mbili zake bado zinafuatwa mahali pengi.

Zikawa ratiba yetu. Mwenzetu aliporudi, Gambera alimpa chumba cha chini karibu na zahanati ya seminari, na kwenye ubao wa matangazo, chini ya zamu za liturujia, ikabandikwa karatasi nyingine: saa nne usiku, saa sita, saa nane, saa kumi, saa kumi na mbili alfajiri. Wawili wawili. Kumgeuza upande wa kushoto, mto kati ya magoti, mto nyuma ya mgongo, kisigino kisiguse godoro. Kisha upande wa kulia. Kisha chali. Zamu ya saa nane ndiyo iliyochukiwa na wote, maana usingizi wa saa nane ni mtamu na ukivunjwa hauungiki.

Usiku mmoja wa Februari, mmoja wetu watatu alizima kengele ya simu na kuendelea kulala, na aliyekuwa naye zamu alimtegemea. Saa kumi na mbili, tulipomgeuza, kulikuwa na alama juu ya mfupa wa chini ya kiuno. Vitabu vya wazungu husema tazama wekundu. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani namna hiyo. Unachokiona ni doa jeusi zaidi ya ngozi iliyo kando, na ukiligusa lina joto, au limekuwa gumu, au laini mno. Yeye hakusikia maumivu, na hiyo ndiyo hatari yenyewe. Kwa wiki moja ngozi ilishikilia, kisha ikafunguka. Kidonda cha ukubwa wa sarafu ya shilingi mia mbili kilichukua wiki saba kufunga, na wiki hizo zote hakuruhusiwa kukalia kiti wala kufanya mazoezi ya kusimama. Saa nne za usingizi ziligharimu wiki saba. Aliyelala tunamjua, na yeye ni mmoja wa wanaoandika. Mwenzetu alimsamehe siku ileile kwa kumwita jina la utani ambalo hatutaliandika hapa.

Mambo mengine tuliyajifunza kwa aibu. Katika darasa la maadili tunazungumza sana kuhusu hadhi ya mwili wa binadamu. Siku ya kwanza ya kumsaidia haja kubwa tulipigana visogo mlangoni nani aingie. Tuliyemtarajia kuona haya alikuwa yeye, kumbe yeye alikuwa ameshavuka. Kibofu hakikuwa kikimpa taarifa, hivyo alifundishwa kutoa mkojo mwenyewe kwa mpira mwembamba mara tano kwa siku, kwa saa maalumu, mikono imeoshwa kwa sabuni. Haja kubwa ilipangiwa saa yake, baada ya chai ya asubuhi, ili mwili uzoee. Mambo haya hakuna mgeni anayeyaulizia, na kwa mwenzetu yana uzito kuliko miguu. Alituambia kwamba angepewa kuchagua kimoja kirudi, angeomba kibofu kabla ya hatua. Wapendwa waumini wenye mgonjwa wa namna hii nyumbani, muulizeni muuguzi habari za mkojo mapema, msione haya, maana figo hazisubiri.

Wiki ya saba tangu upasuaji, paja la kushoto lilitikisika. Tuliitwa wote chumbani kulitazama. Lilikuwa jambo dogo sana, msuli ukijikunja kama samaki chini ya maji, na aliulizwa aufanye tena mara nyingi hadi akachoka. Mguu wa kulia umechelewa na unaendelea kuchelewa. Leo, baada ya mwaka na miezi kadhaa, anasimama kwa kushikilia fremu, mguu wa kulia ukiwa na kifaa cha kuushikilia kifundo, na anaweza kwenda hatua ishirini na mbili, kutoka kitandani hadi mlangoni na kurudi. Kwa safari nyingine zote anatumia kiti mwendo. Akiwa juu ya kiti hujiinua kwa mikono kila baada ya muda mfupi ili ngozi ipate damu, hata wakati wa mahubiri. Padre mgeni aliwahi kudhani anataka kuuliza swali.

Kuna swali moja ambalo yeye mwenyewe alituomba tusilikwepe. Je, atapadrishwa? Sheria ya Kanisa ya mwaka 1917 iliweka ulemavu wa mwili uliomzuia mtu kuhudumu altareni kuwa kizuizi cha Daraja. Sheria ya mwaka 1983 haina tena kizuizi hicho. Kanuni ya 1029 inataka anayepewa Daraja awe na sifa za mwili na akili zinazolingana na Daraja hilo, na hukumu ya jambo hili iko mikononi mwa askofu pamoja na walezi. Kanuni ya 930 inamruhusu padre mgonjwa au mzee asiyeweza kusimama aadhimishe Misa akiwa ameketi, ingawa mbele ya waumini anahitaji ruhusa ya Askofu mahalia. Basi mlango haujafungwa, wala haujafunguliwa. Askofu wake amemtembelea mara mbili, wamezungumza wakiwa peke yao, na hajatoa jibu. Mmoja wetu alijaribu kumtia moyo kwa habari za Mwenye Heri Hermann, mmonaki wa Reichenau aliyefariki mwaka 1054, ambaye alibebwa kwenye kiti maisha yake yote na bado akawa mwalimu mkubwa, na mapokeo humhesabu kuwa mtunzi wa Salamu Malkia. Mwenzetu alisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema, "Mnanipa mtakatifu. Mimi naomba mbao mbili na misumari, nipite kwenye ngazi za maktaba."

Fundi wa seminari alizitengeneza siku hiyohiyo. Hatukuelewa kwa nini, kwa mwaka mzima wa kusali kwa ajili yake, hakuna aliyekuwa ameziona zile ngazi tatu.

Mwembe bado upo. Mama yake alipokuja Pasaka tuliona akiupita bila kuutazama. Wako waliotaka ukatwe, naye mwenyewe akakataa, akisema mti haukumwambia asogee. Sasa hakuna anayepanda. Tumefunga kisu kilichopinda kwenye mwanzi mrefu, na chini yake mfuko wa chandarua, na msimu ulipofika tena tulimsukuma kwenye kiti chake hadi kivulini, ndoo ikiwa miguuni pake, kwa kuwa ndiye anayeona vizuri kutoka pale.

"Kushoto," akasema. "Kushoto zaidi. Hapana, hilo bado. Hilo la nyuma yake."